Si mhami anayemaliza korongo wa Masisi

Ndugu wasikilizaji, na nyinyi mnaotusoma kwenye simu pale mtandao unapokubali, jambo hili nilitaka kulisema hewani Jumapili. Umeme ulikatika, kwa hiyo ninaliandika.

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa barabarani kati ya Kitshanga na Mweso, nyuma ya pikipiki. Tulisimama mahali ambapo gari moja la vioo vyeusi lilikuwa limesimama pia. Kijana wa miaka kumi na miwili hivi alikuwa ameshika katoni ya sabuni kwa mikono miwili, namna mtu anavyoshika kitu kinachotikisika. Ndani mlikuwa na vifaranga wawili wa korongo taji, yule ndege mrefu mwenye nyuzi za dhahabu kichwani ambaye wengi hapa kwetu wanamwita musambi. Mmoja alikuwa amelala ubavu, macho nusu wazi. Dereva akatoa noti dirishani, akapokea katoni, gari likaondoka kuelekea Sake. Kununua mkungu wa ndizi kunachukua muda mrefu zaidi.

Papa mmoja aliyekuwa akingoja usafiri akatikisa kichwa, akasema: hawa wahami wamemaliza kuni, wamemaliza samaki, sasa wanamaliza hata ndege.

Yule kijana hakuwa mhami. Nilimuuliza. Ni mtoto wa kijiji hicho hicho, na kwa bahati yao mwaka huu familia yake haijakimbia. Lakini maneno ya yule papa yamenikaa kichwani kuliko hata wale vifaranga, kwa sababu ninayasikia kila mahali: sokoni, kanisani, kwenye mikutano ya mashirika, hata kwa wakubwa wanaotoa hotuba siku ya mazingira. Kitu kikipotea Masisi, wa kwanza kutajwa ni mhami wa vita. Na kuhusu gari la vioo vyeusi, pale barabarani hakuna aliyesema neno. Hata mimi sikusema. Nilifungua mdomo gari lilipokwisha kupinda kona.

Basi leo ninasema. Anayemaliza korongo wa mabonde yetu si mama anayelala chini ya shitingi. Ni watu wawili wengine: anayekausha kinamasi, na anayenunua kifaranga. Wote wawili wana pesa, na wote wawili wanafurahi sana tukiendelea kumlaumu mhami.

Kwanza tuelewane juu ya ndege mwenyewe, maana wengi tunamjua kwa macho tu. Miaka ya 1980 wataalamu walihesabu kwamba korongo taji wa rangi ya kijivu, kutoka Uganda na Kenya mpaka Afrika ya Kusini, walikuwa zaidi ya 100,000. Waliobaki leo hawafiki nusu ya hao. Mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, ule unaoitwa IUCN, ulimwandika kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Waganda wamemweka katikati ya bendera yao. Sisi tunamweka kwenye katoni ya sabuni.

Ndege huyu hulala mtini usiku, lakini hatagi mtini. Anataga kwenye kinamasi. Anakanyaga nyasi na matete mpaka yawe kama mkeka, maji yakiwa yamezunguka pande zote ili mbwa na mbweha wasifike kwa urahisi. Mayai mawili, matatu, mara chache manne. Baba na mama wanapokezana kuyalalia kwa muda wa mwezi mmoja. Kifaranga akianguliwa hakai kiotani kama kinda wa njiwa. Baada ya muda mfupi tu anatembea, na wazazi wanamwongoza mpaka ukingoni, pale maji yanapokutana na majani mafupi. Hapo ndipo meza yao ilipo. Panzi, minyoo, vyura wadogo, mbegu za nyasi. Mkimtazama vizuri korongo mkubwa anapotembea, mtaona anapiga miguu chini, puu, puu, kama mtu anayecheza ngoma peke yake. Anafanya hivyo ili wadudu waruke, naye awadake.

Sasa sikilizeni sehemu yenye taabu. Kifaranga huyo anakaa miezi miwili hadi mitatu bila kuweza kuruka. Muda wote huo anatembea kwa miguu ukingoni mwa maji, na mtoto yeyote mwenye mbio anaweza kumkamata kwa mkono. Akikamatwa amepotea. Hata asipokufa njiani, atakwenda kukatwa mabawa na kutembezwa kwenye bustani ya mtu, na korongo wa bustani ni nadra sana kutaga. Kwa hiyo kifaranga aliyenunuliwa akiwa hai ni sawa na aliyeliwa. Wazee wanasema chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu hili limebaki na asali kidogo sana.

Turudi kwenye kinamasi, kwa sababu bila kinamasi hata tukiwafungia wanunuzi wote gerezani hakuna kitakachobaki cha kulinda.

Masisi ni nchi ya milima, na historia ya milima hiyo kila mwenye mvi anaijua. Kuanzia mwaka 1937 Wabelgiji walileta watu kutoka Rwanda kwa maelfu kuja kulima na kufanya kazi kwenye mashamba yao, na misitu ikaanza kuanguka. Baada ya uhuru ikaja sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliyosema udongo wote ni mali ya Serikali. Aliyejua njia ya ofisini akapata karatasi, na aliyekuwa na jembe tu akabaki na jembe lake. Hivyo ndivyo milima mizima ilivyogeuka malisho ya ng'ombe ya watu wachache. Milima ilipokwisha kugawanywa, macho yakashuka bondeni. Bonde lenye mafunjo lilionekana kuwa ni ardhi ya bure, ardhi isiyo na kazi, ardhi inayongoja mwenyewe.

Mtu anachimba mtaro mkubwa katikati, na mingine midogo kando kando. Maji yanaondoka. Mafunjo yanakauka, yanachomwa moto. Mwaka unaofuata pana majani ya ng'ombe au shamba la viazi, na mwaka wa tatu pana senyenge.

Niambieni, ndugu zangu: ni mhami gani mwenye uwezo wa kufanya hivyo? Kuchimba mtaro wa mita mia kadhaa ni kazi ya watu wengi kwa majuma mengi. Inataka pesa ya kulipa vibarua, inataka kapita wa kuwasimamia, na zaidi ya yote inataka mtu ambaye hakuna atakayemuuliza amepewa ruhusa na nani. Mhami hana hata kiwanja cha kuchimba choo. Akipata shamba la kulima, analima la mwingine kwa franka za siku ile ile, jioni anunue unga wa bugali. Kama mikono ya mhami ilishika sepeto kwenye mitaro hiyo, na najua kuna mahali ilishika, ilishika kwa sababu alilipwa siku moja moja na mtu ambaye hakuchafua viatu.

Sisemi kwamba wahami hawagusi kinamasi. Nitakuwa mwongo, na wasikilizaji wa Kitshanga watanicheka. Mwaka wowote ambao Mungote na Kahe zimejaa watu, mlima wa karibu unabaki bila mti. Watu maelfu wakishushwa mahali pamoja na kuambiwa wapike, watapika kwa nini? Na kinamasini wanaingia pia. Wanakata mafunjo ya kusuka mikeka na kuezeka juu ya shitingi iliyochanika. Wanachota maji wakati wa kiangazi, chemchemi za juu zinapokauka. Wanatega kambale. Lakini funjo lililokatwa linaota tena msimu unaofuata, kwa sababu mzizi wake uko majini. Kinamasi kilichokaushwa hakioti tena. Tofauti hiyo ndiyo kesi yote, na ndiyo ambayo hotuba za siku ya mazingira zinairuka.

Kuna mama mmoja ninayemfahamu, alikimbia kutoka upande wa Pinga, anasuka mikeka na kuiuza sokoni. Siku moja nilimfuata bondeni kwa ajili ya kipindi chetu. Alikuwa anakata mafunjo upande mmoja tu. Upande wa pili, ambako yalikuwa marefu na mazuri zaidi, hakugusa. Nilimuuliza kwa nini anaacha yaliyo mazuri. Akanionyesha kwa kidevu: kule katikati korongo alikuwa amelala juu ya mayai, taji tu ndilo lililoonekana. Mama yule akaniambia nisipige kelele, akaendelea na kazi yake. Hajawahi kuhudhuria semina yoyote ya mazingira. Hakuna aliyempa fulana.

Mtu atauliza: na maji yakiondoka, hasara iko wapi, si tutapata shamba? Jibu liko karibu, ng'ambo ya mpaka. Najua kutaja Rwanda mbele ya watu wa Masisi leo ni kutia kidole kwenye kidonda. Wengi wenu mmekimbia mara tatu, mara nne, na mnajua mnamdai nani. Sitaki mnisamehe wala sijatumwa na mtu. Ninataja kinamasi, na kinamasi hakina chama.

Kaskazini mwa Rwanda kuna bonde kubwa linaloitwa Rugezi. Maji yake yanaingia ziwa Burera, na maji ya Burera ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walichimba mitaro Rugezi wapate mashamba. Ziwa likashuka. Mwaka 2004 nchi ikaingia gizani, Kigali ikawa inachoma mafuta ya jenereta kwa bei ya kuumiza. Ndipo wakubwa wao walipoelewa kwamba lile bonde la bure lilikuwa tangi lao la maji. Mitaro ikazuiwa, kingo zikapandwa majani na miti, na mwaka 2005 Rugezi ikaandikwa kwenye orodha ya Ramsar ya vinamasi vyenye umuhimu kwa dunia. Maji yakarudi. Wakulima waliofukuzwa bondeni walilipa gharama kubwa kuliko wote, na hilo nalo lisemwe, kwa maana ni lile lile ninalolipigia kelele: kosa likiwa la wengi, mzigo unabebwa na mnyonge.

Lakini kwa ndege wenyewe walifanya jambo moja ambalo ninalionea wivu. Kuanzia 2014 walikwenda kuwatafuta korongo waliokuwa wakifugwa kwenye bustani za mahoteli na za matajiri. Wenye ndege wakaambiwa wajiandikishe, wawatoe, hakuna atakayeadhibiwa. Wenye mabawa mazima walirudishwa porini katika mbuga ya Akagera, na waliokuwa wamelemazwa wasiweze kuruka tena wakapewa mahali pao Kigali panapoitwa Umusambi Village. Walipohesabu korongo wa nchi nzima mwaka 2017 walipata 487. Mwaka 2022 walikuwa wamepita 1,000. Angalieni walianzia wapi. Hawakuanza na kijana wa katoni. Walianza na mwenye bustani.

Sasa nije kwa lile swali ambalo najua limekwisha kuandikwa kwenye simu zenu: watu wanakufa, wewe unatuletea habari za ndege?

Ninalielewa. Februari 2025 nilikuwepo wakati kambi za Bulengo na Lushagala zinabomolewa, watu wamepewa siku tatu wawe wameondoka. Niliona familia zinapanda kurudi Masisi kupitia Sake, godoro kichwani, mtoto mgongoni, kuku mmoja mkononi. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Walikale-centre, watu wakaingia msituni. Anayeniambia kwamba korongo ana thamani kuliko mtoto wa yule mama wa godoro, huyo simjui na sitaki kumjua.

Ila niulize na mimi. Wale waliorudi walikuta nini? Wengine nyumba imechomwa. Wengine shamba limelimwa na mtu ambaye hawamjui. Na wengine, nimezungumza nao, walikuta lile bonde walilokuwa wakichota maji, wakikata mafunjo na kufunga mbuzi ukingoni tangu enzi za babu, limechimbwa mitaro na kuwekewa senyenge, na kapita amesimama pale na fimbo. Lilikaushwa wakati wenyewe wako kambini. Hakuna aliyeulizwa, kwa sababu waliopaswa kuulizwa walikuwa kwenye foleni ya unga. Ninyi mnaoniambia niache ndege nizungumzie watu, ninazungumzia watu. Korongo alikuwa wa kwanza kufukuzwa kwenye bonde lile. Hakuacha alama ya mlango, hana karatasi, hana shahidi. Lakini majirani wote wanaweza kuwaambia mwaka alioacha kuonekana, na mwaka huo ndio mtaro wa kwanza ulipochimbwa. Siku tutakapokaa mbele ya baraza kudai ardhi, ushahidi huo usidharauliwe.

Na pesa ya kifaranga? Zile noti alizopewa yule kijana, nilimwomba anionyeshe. Zilitosha unga wa siku mbili, tatu, na mafuta kidogo. Sitamtukana kwa hilo. Siku tatu za bugali ni siku tatu. Lakini kwenye safari nzima ya kifaranga yule, kutoka ukingoni mpaka bustani, yeye ndiye atakayepata kidogo kuliko wote na ndiye pekee anayeweza kukamatwa. Tukimpiga viboko yeye, gari litapita kesho na kumtafuta mdogo wake.

Wakulima nao wana malalamiko yao, na ni ya haki. Korongo anakula mahindi yaliyopandwa jana. Anafukua maharagi na karanga. Mtu aliyeazima mbegu, anayelima shamba la kukodi, akiamka na kukuta mistari mitano imefukuliwa, usimwambie habari za orodha ya IUCN. Ila nimewauliza wakulima wazee, na wote wanasema jambo moja: hatari kubwa ni majuma mawili ya kwanza, kabla mche haujashika. Zamani watoto walipewa zamu ya kulinda, na debe la kupiga. Baada ya hapo ndege yule yule anawala panzi shambani bila kudai mshahara. Anayeweka sumu kwenye punje ataua korongo wawili, kuku wa jirani, na siku moja ataua mtoto aliyeokota ndege aliyekufa akampeleka nyumbani kama mboga. Nawasihi, sumu iachwe.

Wasikilizaji wa Walikale watasema: sisi tuna msitu, hayo ya korongo ni yenu. Hapana. Ni gari lile lile, limebadilisha mzigo. Kwenu linachukua kasuku.

Kasuku mwenye mkia mwekundu anakaa juu mtini, anataga kwenye tundu la mti mkubwa, mayai machache, na hukaa miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa. Anakamatwa kwa ulimbo, au mti mzima unaangushwa ili kumtoa kinda mmoja. Ghana walikuwa nao wengi. Tangu miaka ya 1990 wamepoteza zaidi ya tisa kati ya kila kumi. Mwaka 2016, Johannesburg, nchi za dunia zilizoweka saini mkataba wa CITES zilipiga kura kumpandisha kwenye daraja la juu la ulinzi, na tangu tarehe 2 Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imekatazwa. Ulimbo bado unapikwa. Na hesabu ni ile ile: anayepanda mti na kuvunjika mguu anapata kidogo, kila mkono unaofuata unaongeza bei yake, na ndege wengi wanafia kwenye vikapu kabla hawajaona uwanja wa ndege.

Ila Walikale mna kitu ambacho Masisi hatuna. Kuna amri ya tarehe 2 Agosti 2014, namba 14/018, inayoruhusu jamii ya kijiji kupewa msitu wake kwa karatasi halali, mpaka hekta 50,000, na kuusimamia wenyewe. Kwenu kuna jamii zilizofuata njia hiyo, kwa taabu na safari nyingi za ofisini, na karatasi wanazo. Mgeni akija na msumeno, kuna cha kumwonyesha. Kinamasi cha Masisi hakina karatasi kama hiyo. Hakimo ndani ya Virunga, hakimo ndani ya mbuga yoyote, askari wa ICCN hawafiki. Kinalindwa na adabu ya watu tu, na vita imekula adabu nyingi.

Basi ninadai nini? Ninadai kwa wenye muhuri. Sitaji majina, kwa sababu Masisi wenye muhuri wanabadilika kuliko majira ya mvua, na kila mmoja akija anakuta kodi za aliyemtangulia akaziongeza. Ninawaambia walioko leo na watakaokuja kesho, wami na wakubwa wa vijiji pamoja nao: msitie muhuri kwenye karatasi ya kinamasi chochote wakati wenye kijiji wako ukimbizini. Hata kimoja. Atakayetaka kuchimba mtaro angoje watu warudi, asimame mbele yao mchana, aeleze maji yatakwenda wapi. Kama jambo lake ni zuri, litabaki zuri mpaka siku hiyo. Mna sheria ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu ulinzi wa maumbile, mna desturi za babu zetu zilizokataza kulima pembeni ya chemchemi. Chagueni mnayoijua kusoma.

Ninadai pia kwa mashirika ya misaada. Mnapogawa mbegu, mnapogawa majiko yanayokula makala kidogo, tunashukuru. Lakini mnaandika kwenye ripoti zenu kwamba wahami wanaharibu mazingira, na ripoti hiyo inasomwa na mwenye malisho akicheka. Andikeni na mitaro. Mna magari, mna picha za setilaiti, mnaweza kuona bonde lililokuwa jani bichi mwaka jana na leo ni mistari. Na mkitaka kuajiri walinzi wa viota, msilete vijana kutoka mjini. Yule mama wa mikeka anajua kila kiota cha bonde lile.

Kwa wanunuzi nina maneno machache. Korongo taji yumo kwenye mkataba ule ule wa CITES. Kumvusha mpaka bila kibali ni kosa, na sijaona bado mwenye kibali anayenunua kwenye katoni barabarani, gari linaunguruma. Ukimwona kwenye bustani ya hoteli unayolala, muulize mwenye hoteli amemtoa wapi. Uliza kwa sauti, wageni wengine wasikie. Na nyinyi wanapikipiki, ambao mnaona kila kitu kinachopita barabara ile, msibebe. Mnakataa kubeba maiti usiku. Kataeni na hili.

Yule kifaranga aliyelala ubavu sidhani alifika Sake. Wazazi wake, kama hawakuuawa, wako bondeni bado, kwa sababu korongo hung'ang'ania kinamasi chake mpaka maji yaishe. Nitarudi kuangalia.

Kipindi chetu cha Jumamosi jioni kiko wazi, umeme ukiwepo. Mwenye malisho yeyote anayechimba mitaro na ana jibu, aje studio aseme mbele ya watu, sitamkata neno. Mama wa mikeka amekubali kuja kukaa upande wa pili wa meza, ila ameomba tumrudishie nauli ya pikipiki.